Lewis Carroll na Uundaji wa Maneno: Maisha ya Mwalimu Aliyefundisha kwa Mchezo

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa walimu wa lugha ya Kiingereza, mchezo wa maneno aghalabu huchukuliwa kuwa kiburudisho cha dakika za mwisho wa kipindi, baada ya kazi yenyewe kwisha. Msamiati hupangwa katika orodha, orodha hukaririwa, kisha hutahiniwa. Mchezo huja iwapo muda umebaki. Maisha ya Charles Lutwidge Dodgson, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Lewis Carroll, yanatoa hoja nzito dhidi ya mtazamo huo. Dodgson alikuwa mwanahisabati na mwanamantiki wa Chuo cha Christ Church, Oxford, aliyehadhiri hapo kwa miaka 26 bila ya kupata sifa kubwa kama mhadhiri. Hata hivyo, aliacha vitabu na michezo ambayo, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, bado inatumika kuwaonyesha wajifunzaji namna maneno ya Kiingereza yanavyojengwa na kubomolewa.

Makala haya yanayaeleza maisha yake kwa kuzingatia upande huo wa kazi zake. Hoja kuu ni kwamba ufanisi wa Carroll haukutokana na ucheshi peke yake. Ulitokana na utiifu wake kwa kanuni. Maneno aliyoyabuni yalieleweka kwa sababu yaliundwa kwa taratibu zilezile zinazounda maneno ya kawaida, na michezo aliyoitunga ilifundisha kwa sababu ilikuwa na masharti makali. Pale alipojaribu kufundisha kwa njia zilizozoeleka alishindwa mara kwa mara. Pale alipoigeuza kanuni kuwa mchezo alifaulu.

2.0 Malezi na Elimu

Dodgson alizaliwa tarehe 27 Januari, 1832, katika kijiji cha Daresbury, Cheshire, nchini Uingereza. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza wa kiume, katika familia ya watoto 11. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana ambaye naye alikuwa na kipaji cha hisabati. Mwaka 1843 familia ilihamia Croft, Yorkshire, na huko ndiko mazoea yake ya kuchezea lugha yalikoanza kuonekana. Pamoja na ndugu zake, kijana huyu aliandaa magazeti ya nyumbani yaliyoandikwa kwa mkono, yakiwa na mashairi, michoro, mizaha na mafumbo. Wasomaji wa magazeti hayo walikuwa ni watu wa nyumba hiyo tu, lakini mhariri wake aliyashughulikia kwa makini ya mtu mwenye wasomaji elfu.

Mambo mawili ya utotoni yalimfuata maisha yake yote. La kwanza ni ukiziwi wa sikio moja, uliotokana na ugonjwa. La pili ni kigugumizi, tatizo lililowapata pia wengi wa ndugu zake. Alipokuwa mtu mzima alikwenda kwa James Hunt, mtaalamu wa matatizo ya usemi aliyefanya kazi Hastings, akitafuta nafuu ambayo hakuipata kikamilifu. Kwa mtu wa aina hii, neno halikuwa chombo kinachopita mdomoni bila ya kuonekana. Kila neno lilikuwa na mwanzo wake, viungo vyake na mahali pake pa kukwama.

Baada ya kusoma katika shule ya Richmond na kisha Rugby, Dodgson alifika Christ Church mwezi Januari, 1851. Siku mbili tu baada ya kuwasili alipata habari za kifo cha mama yake, ikambidi arudi nyumbani. Pamoja na msiba huo aliendelea na masomo, na mwaka 1854 alipata daraja la kwanza katika hisabati. Mwaka 1855 aliteuliwa kuwa mhadhiri wa somo hilo. Mwaka 1861 alipewa ushemasi, lakini hakuendelea hadi kufikia ukasisi kamili. Aliishi katika chuo hicho hadi mwisho wa uhai wake, bila ya kuoa.

Jaribio lake la mapema la kufundisha watoto darasani halikumpa moyo. Mwanzoni mwa mwaka 1856 alijitolea kuwafundisha wavulana hesabu katika shule ya St Aldate's, mjini Oxford. Darasa lilikuwa na kelele, usikivu ukapungua, na haukupita muda mrefu kabla ya kuiacha kazi hiyo. Mihadhara yake chuoni nayo ilikumbukwa na baadhi ya wanafunzi kuwa mikavu. Mwalimu aliyekuja kuwafurahisha mamilioni ya wasomaji alianza, basi, kwa kushindwa mbele ya wasikilizaji wachache.

3.0 Jina la Kalamu kama Zao la Uundaji

Mwaka huohuo wa 1856 ndipo lilipozaliwa jina la Lewis Carroll, na namna lilivyoundwa yafaa kuchunguzwa. Edmund Yates, mhariri wa jarida la The Train, alihitaji jina la kalamu kwa ajili ya shairi alilotaka kulichapisha. Dodgson alimpa majina manne ya kuchagua. Mawili kati yake, Edgar Cuthwellis na Edgar U. C. Westhill, yalipatikana kwa kuzipanga upya herufi za majina yake mawili ya kwanza, Charles Lutwidge. Mengine mawili, Louis Carroll na Lewis Carroll, yalipitia njia ndefu zaidi: majina hayo mawili yaligeuzwa kuwa ya Kilatini, Carolus na Ludovicus, kisha yakabadilishana nafasi, na mwishowe yakarejeshwa katika umbo la Kiingereza. Yates alichagua la mwisho.

Katika tukio hili dogo zinaonekana taratibu mbili ambazo zingetawala kazi yake yote. Ya kwanza ni ya herufi, ambapo neno huchukuliwa kuwa mfululizo wa alama zinazoweza kupangwa upya. Ya pili ni ya kimofolojia na kietimolojia, ambapo neno huchukuliwa kuwa na asili, historia na vipashio vinavyoweza kufuatiliwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Msomi aliyelelewa katika Kilatini na Kiyunani alizijua zote mbili, na kwa kuzitumia alijiundia jina ambalo juu juu halifanani na lake, ilhali ndani yake halina kitu kigeni.

4.0 Hadithi za Alice

Mwaka 1855 Christ Church ilipata mkuu mpya, Henry George Liddell. Huyu alikuwa mmoja wa waandishi wawili wa kamusi maarufu ya Kiyunani na Kiingereza iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1843. Mwenzake alikuwa Robert Scott. Mtoto aliyeipa hadithi ya Carroll jina lake, Alice Liddell, alikuwa, kwa hiyo, binti wa mwanaleksikografia. Tarehe 4 Julai, 1862, Carroll na rafiki yake Robinson Duckworth waliwachukua Alice na dada zake Lorina na Edith kwa mashua kutoka Oxford hadi Godstow. Safarini aliwasimulia hadithi ya msichana aliyetumbukia katika shimo la sungura. Alice aliomba hadithi hiyo iandikwe, na mwezi Novemba 1864 alipewa nakala iliyoandikwa na kuchorwa kwa mkono wa msimulizi mwenyewe. Kitabu kilichapishwa na kampuni ya Macmillan mwaka 1865, kikiwa na michoro ya John Tenniel. Chapa ya kwanza ya nakala 2,000 iliondolewa baada ya mchoraji kutoridhika na ubora wa uchapaji.

Hata abiria wa mashua ile waliingizwa hadithini kwa njia ya majina. Duckworth akawa bata, Lorina akawa kasuku wa aina iitwayo ‘lory’, Edith akawa kinda la tai, ‘eaglet’, na Dodgson mwenyewe akawa ndege aliyetoweka duniani, dodo. Imeelezwa mara nyingi kwamba jina hili la mwisho linatokana na namna alivyokuwa akikwama katika silabi ya kwanza ya ukoo wake. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayana ushahidi wa wakati wake, na uhusiano wa sauti kati ya maneno hayo unatosha bila ya hadithi hiyo.

Sehemu ya kitabu inayomhusu zaidi mwalimu wa msamiati ni ile ambapo Kasa wa Bandia anayaeleza masomo ya shule yake ya baharini. Hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya zimegeuzwa kuwa maneno mengine yenye mwisho unaofanana na majina ya asili ya masomo hayo. Mahali pa kuzidisha pamewekwa ‘uglification’. Alice anapolishangaa neno hilo, anaelekezwa kwenye kitenzi ‘beautify’, chenye maana ya kupamba, ili afikie mwenyewe maana ya kinyume chake. Hiyo ni mbinu halisi ya kufundisha unyambuaji: mzizi mmoja unaojulikana, kiambishi tamati kinachojulikana, na ulinganisho unaomwezesha mjifunzaji kulifasiri neno ambalo hajapata kulisikia. Papo hapo Carroll anacheza na homofoni ‘lesson’ na ‘lessen’. Masomo ya shule hiyo yanapungua kwa saa moja kila siku, kama vile jina lake linavyodai. Kichekesho hiki humkumbusha msomaji kwamba ufanano wa sauti hauthibitishi undugu wa maana.

Hadithi ya kirafiki na familia ya Liddell haikudumu bila ya ufa. Mwezi Juni 1863 uhusiano ulipoa ghafla, na miongoni mwa juzuu za shajara ya Dodgson zipo zilizopotea. Urafiki wake na watoto, pamoja na picha alizowapiga kati ya mwaka 1856 na 1880, umezua mjadala mkali miongoni mwa wataalamu wa wasifu wake, na mjadala huo haujafungwa. Anayeisoma kazi yake hana budi kuufahamu.

5.0 Sanduku Lenye Pande Mbili

Mwaka 1855, miaka kumi kabla ya kitabu cha kwanza kutoka, Dodgson aliandika ubeti mmoja katika gazeti la nyumbani lililoitwa Mischmasch, akijifanya kuwa mtafiti aliyegundua shairi la Kiingereza cha kale. Karibu kila nomino, kitenzi na kivumishi katika ubeti huo kilikuwa cha kubuni, na chini yake aliweka maelezo ya kietimolojia kwa mtindo wa wanafilolojia wa zama zake. Ubeti huo ulikuja kuwa mwanzo wa shairi Jabberwocky katika kitabu cha pili cha Alice, Through the Looking-Glass, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1871.

Katika kitabu hicho kazi ya kufasiri shairi amepewa Humpty Dumpty, yai lenye umbo la mtu linalofahamika na kila mtoto wa Kiingereza kutokana na wimbo wa kitoto. Mhusika huyu anaeleza kwamba baadhi ya maneno ni kama ‘portmanteau’, yaani sanduku la safari lenye pande mbili: maana mbili zimefungwa pamoja katika neno moja. Hivyo ‘slithy’ imetokana na ‘lithe’ na ‘slimy’, na ‘mimsy’ imetokana na ‘flimsy’ na ‘miserable’. Katika dibaji ya utenzi wake The Hunting of the Snark, wa mwaka 1876, Carroll aliirudia nadharia hiyo kwa mfano wa ‘frumious’, neno la mtu ambaye akili yake imesimama sawasawa kati ya ‘fuming’ na ‘furious’.

Utaratibu huu ndio unaofahamika katika isimu ya Kiswahili kwa jina la uhulutishaji, na mfano wake uliozoeleka ni ‘chajio’ kutokana na ‘chakula cha jioni’. Carroll hakuuanzisha utaratibu wenyewe. Aliupa jina na kuufanya uonekane. Baadaye Kiingereza kilipata ‘brunch’ mwishoni mwa karne ya 19 na ‘smog’ mwanzoni mwa karne ya 20, na istilahi ya sanduku ikawa tayari ipo ya kuyaelezea. Katika maneno ya shairi lenyewe, ‘chortle’, linalochukuliwa kuwa muunganiko wa ‘chuckle’ na ‘snort’, limeingia katika kamusi na katika matumizi ya kawaida; ‘galumph’ nalo limebaki. Mengi kati ya mengine yamebaki ndani ya shairi. Neno jipya huishi kwa kuwa kuna pengo la maana linalolihitaji, hata kama umbo lake ni zuri kiasi gani.

Nguvu ya shairi hilo kwa mwanaisimu iko katika kile ambacho hakikubuniwa. Viunganishi, vihusishi na vibainishi vyote ni vya Kiingereza cha kila siku. Viambishi vya wingi, vya njeo na vya kivumishi vimekaa mahali pake. Mfuatano wa konsonanti ni ule unaoruhusiwa na fonolojia ya lugha hiyo. Kwa sababu hiyo msomaji anaweza kutambua kipi ni kitenzi, kipi ni nomino, nani ametenda na nani ametendwa, bila ya kujua maana ya mzizi hata mmoja. Wanaisimu wa muundo wa karne ya 20 waliitumia hali hiyo kuonyesha kwamba maana ya kisarufi inaweza kutenganishwa na maana ya kileksika. Mwaka 1958 Jean Berko alitumia maneno ya kubuni kama ‘wug’ kuthibitisha kwamba watoto wadogo wanamiliki kanuni za uambishaji, wala hawakariri umbo moja moja. Zana ya uchunguzi huo, yaani neno lisilo na maana lakini lenye umbo halali, ni ileile ambayo Carroll aliitumia kuchekesha.

Uhalali huo wa umbo uliwavutia hata watu wa kamusi. Mwaka 1872 Robert Scott, mwenzake Liddell katika kazi ya leksikografia, alilitoa shairi hilo kwa Kijerumani, akidai kwa mzaha kwamba hilo la Kijerumani ndilo la asili. Neno jingine la Humpty Dumpty, ‘unbirthday’, linafunza jambo jirani. Kwa kawaida kiambishi ‘un-’ hupachikwa kwenye vivumishi na vitenzi, si kwenye nomino ya aina hii. Kanuni imevunjwa, lakini imevunjwa mahali pamoja tu, na ndiyo maana maana yake inapatikana mara moja: siku 364 za mwaka ambazo si za kuzaliwa.

6.0 Michezo ya Maneno

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1877 wasichana wawili, Julia na Ethel Arnold, walilalamika kwamba hawana la kufanya. Carroll aliwatungia mchezo alioupa baadaye jina la Doublets, na ambao walimu wa leo wanaujua kama ngazi ya maneno. Mchezaji hupewa maneno mawili yenye idadi sawa ya herufi, naye hutakiwa kufika kutoka la kwanza hadi la pili kwa kubadilisha herufi moja kila hatua, huku kila hatua ikiwa neno halali. Mfano wake mashuhuri unakwenda kutoka kichwani hadi mkiani: ‘head’, ‘heal’, ‘teal’, ‘tell’, ‘tall’, ‘tail’. Mchezo ulianza kuchapishwa katika jarida la Vanity Fair mwezi Machi 1879, ukawa shindano la wasomaji, na mwaka huohuo ukatolewa na Macmillan kama kitabu.

Mjadala ulizuka mara moja kuhusu neno lipi likubalike na lipi likataliwe. Carroll aliutatua kwa kuandaa faharasa ya maneno yanayoruhusiwa, akichagua yale ya matumizi ya kawaida na kuyaacha yaliyo adimu. Majina ya pekee hayakuruhusiwa. Kwa hatua hiyo mchezo ulijengwa juu ya msamiati uliodhibitiwa, miongo kadhaa kabla ya dhana hiyo kuwa mada kubwa ya ufundishaji wa Kiingereza kwa wageni.

Thamani ya ngazi hiyo inaonekana wazi zaidi kwa mjifunzaji aliyezoea othografia ya Kiswahili, ambamo herufi na sauti hukaribiana sana. Kutoka ‘head’ hadi ‘heal’ imebadilika konsonanti moja ya mwisho katika maandishi, lakini irabu nayo imebadilika katika matamshi ingawa herufi zake ni zilezile. Kutoka ‘heal’ hadi ‘teal’ sauti imebadilika sambamba na herufi. Mwanafunzi anayepanda ngazi hiyo kwa sauti hukutana uso kwa uso na hitilafu kati ya tahajia na matamshi ya Kiingereza, tena katika hatua ndogo anazoweza kuzimudu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alifuatisha mchezo wa watu wawili ulioitwa, kama lile gazeti la nyumbani, Mischmasch. Mchezaji mmoja hutaja kiini cha herufi mbili au zaidi, na mwenzake hutafuta neno lenye herufi hizo zikifuatana. Kiini ‘gp’, kwa mfano, kinajibiwa kwa ‘magpie’. Mfuatano huo wa konsonanti hauwezi kukaa ndani ya silabi moja ya Kiingereza. Anayeutafuta hulazimika kufikiria mpaka wa silabi, na aghalabu mpaka wa vipashio viwili vilivyoambatanishwa. Mwezi Desemba 1880 aliandika pia katika shajara yake wazo la mchezo wa herufi zinazosogezwa juu ya ubao wa sataranji hadi ziunde maneno.

Mchezo wa tatu, Syzygies, ulichapishwa katika jarida la The Lady mwanzoni mwa miaka ya 1890 na katika kijitabu mwaka 1893. Hapa maneno huunganishwa kwa mfuatano wa herufi wanaoshirikiana: ‘walrus’ huungana na ‘peruse’ kwa ‘rus’, ‘peruse’ na ‘harper’ kwa ‘per’, na ‘harper’ na ‘carpenter’ kwa ‘arpe’. Hapa ndipo penye mpaka wa mbinu yake. Mfuatano wa herufi si mofimu. ‘Harper’ inagawanyika katika ‘harp’ na ‘-er’, na kile kipande ‘per’ kimekata katikati ya mzizi. Mwalimu anayeutumia mchezo huo bila ya kuionyesha tofauti hiyo anaweza kumfanya mwanafunzi aone viambishi mahali pasipo na viambishi. Akiionyesha, mchezo huohuo unakuwa zoezi zuri la uchanganuzi: mwanafunzi hutakiwa aseme ni kipande kipi chenye maana na kipi ni sadfa ya tahajia.

7.0 Mwalimu wa Mantiki

Mwaka 1881 Dodgson aliuacha uhadhiri wa hisabati ili apate muda wa kuandika, na kuanzia mwaka 1882 hadi 1892 alikuwa msimamizi wa ukumbi wa mapumziko wa wahadhiri chuoni. Cha kushangaza ni kwamba baada ya kuachana na darasa la lazima alirudi darasani kwa hiari. Katika miaka ya 1886 na 1887 alifundisha mantiki katika Shule ya Upili ya Wasichana ya Oxford na katika Lady Margaret Hall, ukumbi wa wanafunzi wa kike. Safari hii alikwenda na mchezo. Kitabu chake The Game of Logic kiliambatana na kadi yenye michoro pamoja na vidonge tisa, vinne vyekundu na vitano vya kijivu. Kauli za mantiki ziliwekwa na kuondolewa kwa mkono, na mwanafunzi aliona hitimisho likijitokeza mbele yake. Mambo yaliyomshinda mbele ya wavulana wa St Aldate's yaliwezekana hapa, na baadhi ya wasichana wa madarasa hayo walimkumbuka kwa shukrani hadi utu uzima wao.

Katika Symbolic Logic, kitabu cha mwaka 1896, aliugusa mgogoro ambao Humpty Dumpty aliuacha wazi. Yai lile lilishikilia kwamba neno lina maana yoyote ambayo msemaji anaitaka. Kama mwanamantiki, Dodgson alikubali kwamba mwandishi ana haki ya kulipa neno maana aitakayo, mradi aitangaze mwanzoni na kuizingatia. Sharti hilo ndilo linalomtenganisha mwanaistilahi na mbabaishaji. Humpty Dumpty alitumia neno kwanza, akalieleza baadaye. Dodgson alidai maelezo yatangulie. Kila chombo kinachosanifu istilahi, katika lugha yoyote, hufanya kazi chini ya sharti hilohilo.

8.0 Kifo na Urithi

Dodgson alifariki tarehe 14 Januari, 1898, mjini Guildford, nyumbani kwa dada zake, kutokana na nimonia iliyofuata homa ya mafua. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu atimize miaka 66. Alizikwa mjini humo.

Vitabu vyake vya Alice vimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1940 kampuni ya Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo de Malet, na mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kila mfasiri wa kitabu hiki hukumbana na tatizo moja. ‘Lesson’ na ‘lessen’ haziwezi kuhamishwa. Sauti zake ni mali ya Kiingereza. Kinachoweza kuhamishwa ni utaratibu, yaani kuutafuta ndani ya lugha pokezi ufanano wa sauti, kiambishi au mwambatano utakaofanya kazi ileile. Mfasiri hulazimika kuwa muundaji wa maneno, na kila anapofanikiwa huwa ameonyesha kwamba lugha yake nayo ina kanuni za kutosha kuchezewa.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Lewis Carroll yanaonyesha mwalimu aliyeshindwa kwa njia zilizozoeleka na aliyefaulu alipotunga mchezo wenye masharti. Katika michezo yake neno halali limetenganishwa na lisilo halali, hatua zimehesabiwa, na mchezaji anayekosea hujua amekosea wapi. Katika maneno yake ya kubuni, kipashio kimoja kigeni kimezungukwa na vingi vinavyojulikana, kwa hiyo mjifunzaji ana mahali pa kushika. Mambo haya mawili, masharti yaliyo wazi na ugeni wenye kipimo, ndiyo ambayo mwalimu wa msamiati wa Kiingereza anaweza kuyachukua kutoka kwake, pamoja na tahadhari kwamba herufi zinazofuatana si lazima ziwe mofimu, na kwamba umbo sahihi pekee halilipi neno maisha.

Orodha ya maneno humfundisha mwanafunzi yale maneno yaliyomo ndani yake. Mwanafunzi aliyewahi kulifungua neno la sanduku na kuviona vipande vyake viwili amepata njia ya kulifungua na lile ambalo halimo katika orodha yoyote.